Nyuma ya Afande

Mke wa Afande alinunua nyanya ambazo hakuzihitaji, akakiinamia kikapu cha mwuzaji, akanong'ona:

"Mdogo wangu, siku ya uchaguzi usimchague mume wangu."

Mwuza nyanya alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mama, mwaka huu nyumba yenu imeingiwa na nini?"

"Haijaingiwa na kitu. Wewe kajipange nyuma ya fundi cherehani. Na neno hili lifie hapa hapa."

"Limekufa na kuzikwa," alisema mwuza nyanya, akamwongezea moja ya kumpoza.

Mama akapita hivyo duka kwa duka, kibaraza kwa kibaraza. Kwa kinyozi alisingizia kuulizia wembe. Kinyozi alimsikiliza, mteja wake ana sabuni mpaka masikioni, akatikisa kichwa.

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi. Mbona unashangaa?"

"Sishangai. Nanyamaza."

Si kwamba alimchoka mumewe. Alimtaka. Harusi haijapoa, jeshi lilimchukua. Akarudi kutoka vitani na kipande cha chuma pajani na tabia ya kukunja shuka kama bendera. Wakafungua shamba. Msimu mmoja tu walilima bega kwa bega, mahindi yakatoka ya kusimamisha wapita njia. Ndipo mji ukamwita awe mwenyekiti. Jeshi lilimwazima likamrudisha. Mji ulimwazima ukasahau.

Tangu hapo Afande alisuluhisha ugomvi wa mipaka ya watu, na ua wake mwenyewe umelala chifudifudi. Aliwahimiza wenzake wapalilie mapema, na kwake magugu yamefika kifuani. Jembe lilibaki kwa mkewe, ambaye mgongo wake siku hizi ukiinama huwa hauna haraka ya kuinuka.

Alishamwambia, wala si mara moja. "Mzee wangu, jiuzulu. Uje tulime."

"Askari haachi lindo. Hungoja abadilishwe."

"Na wakimsahau?"

"Husimama."

Basi mama akaona amtafutie wa kumbadilisha.

Siku zile Afande naye alikuwa hakamatiki. Mchana kutwa yuko barabarani, jioni anaingia sauti imekauka, anajitupa kitini kama gunia.

"Leo tena ulikuwa unawaomba watu?" mkewe alimchokoza.

"Nawaomba."

"Wanakubali?"

"Mdomoni. Mji huu una vichwa vya mawe, mama watoto. Heri vita."

Mama akainamia sufuria kuficha kicheko. Maskini, alijisemea, kila mlango anaobisha, nami nimeshabisha.

Siku ikafika, mji mzima ukakusanyika uwanjani mbele ya ukumbi. Kwa desturi yao hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wagombea walisimama mbele, kila mtu akajipanga nyuma ya amtakaye, karani akahesabu vichwa. Fundi cherehani alisimama na utepe wake wa kupimia ungali shingoni, akitabasamu kwa wasiwasi. Afande alisimama wima, kidevu juu, macho mbele. Hakugeuka hata mara moja kuona nani yuko nyuma yake. Jeshini walimfundisha hivyo.

Mama alikaa kwenye ngazi za ukumbi, akidai mguu umekufa ganzi. Kumpinga mume kwa kunong'ona ni jambo moja. Kusimama nyuma ya mwanamume mwingine mchana kweupe ni jingine kabisa.

Mistari ikarefuka. Mwuza nyanya, mchana huo huo, bila haya, akajipanga nyuma ya Afande na kumkonyeza mama. Kinyozi alianza kwa fundi, akahamia kwa Afande, akarudi kwa fundi, kama mtu aliyeahidi ndoa mbili.

Karani akahesabu. Akarudia. Akajikuna kisogo.

"Wako sawasawa," alitangaza. "Hakuna aliyezidi. Kuna ambaye hajajipanga?"

Macho yote yakageukia ngazini.

"Mama, mguu haujapona tu?" kinyozi aliita, na uwanja ukaangua kicheko.

Mguu ukapona. Mama aliinuka, akajikung'uta kanga, akaanza kutembea. Njia ilikuwa nyeupe: aende kwa fundi, na kesho asubuhi Afande ana jembe begani. Ndilo alilolihangaikia wiki zote hizo. Aliuelekea mstari wa fundi, na watu wakaanza kuguna.

Ndipo alipoiona shingo ya mumewe kwa nyuma. Ilikuwa imekonda, ukosi wa shati umeizidi, na masikio yamesimama yakijaribu kusikia nyayo zinaelekea wapi. Huyu ndiye watakayemsimulia, mama aliwaza: aliyeangushwa na mkewe mwenyewe, hadharani. Magugu nimeyazoea.

Akakata kona, akaenda kusimama mkiani mwa mstari wa Afande.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Karani hakuhitaji kuhesabu tena. Watu wakavunja mstari, wakamsukuma mama mbele kwa furaha mpaka akagota kwenye mgongo wa mumewe. Afande bado alikuwa wima, hajageuka, jasho likimtiririka kisogoni.

"Ni wewe uliyenipa ushindi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mimi, mzee wangu," alisema mama, machozi yakimlengalenga kwa fahari.

Afande alifumba macho.

"Mama watoto, umefanya nini? Wiki zote hizi nimezunguka mji mzima nikiwapigia watu magoti wamchague fundi."