Mbwa Aliyeipita Bangi

Mbwa aliipita bangi yote ya rafuni mle dukani bila hata kugeuza shingo. Kumbe anatafuta ya magendo tu, Noreen akajisemea, na yeye na mumewe hawakuwa na cha kuficha. Akashusha pumzi.

Nyumba yao ilikuwa rehani kwa ajili ya asubuhi hii. Jimbo lao la Missouri, Marekani, lilikuwa limeruhusu maduka ya bangi ya dawa yamuuzie mtu mzima yeyote, awe mgonjwa au mtu wa starehe zake, ila kwanza yakaguliwe. Mkaguzi alikuja na askari wa sherifu, na askari akaja na mbwa.

"Bwana Leland yuko wapi?" mkaguzi aliuliza. "Mlipoanza mlikuwa watatu."

"Kaka yangu yuko Florida," Noreen alijibu, uso ukimwiva. "Alituachia hisa zake baada ya Krismasi."

Ilimuuma kulisema. Leland ndiye aliyefungua duka, baada ya saratani kumuua mama yao, na alikuwa ameapa kwamba watu wa starehe hawatauziwa hapo akiwa hai. Kisha akaondoka bila hata kumuaga dada yake. Akipigiwa simu hapokei, hutuma ujumbe tu.

"Kanuna huyo," Verlin, mumewe, alicheka. "Mwacheni anune na jua lake la ufukweni."

Wakaingia stoo. Verlin alikuwa amemwaga saruji mpya sakafuni humo kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye hata balbu ikiungua huita fundi. Noreen alikuwa amemsifia kwa kila jirani.

Mbwa alizunguka maboksi, akanusa ukutani, kisha akalala katikati ya saruji mpya na kumtazama askari.

Moyo ulimlipuka Noreen. Verlin kaficha mzigo humu? Kibali ndiyo basi, na nyumba nayo.

"Jamani, si stoo ya bangi hii!" Verlin alisema, jasho likimtiririka na baridi yote ile. "Mlitaka akalale kwa muuza maua?"

"Kweli kabisa, afande," Noreen alidakia kumtetea. "Kanusa bangi tu huyo."

Askari alimpapasa mbwa kichwani. Hakumwangalia Verlin. Alimwangalia Noreen, tena kwa huruma.

"Mbwa wa bangi tuliwastaafisha wote sheria ilipopita, mama," alisema taratibu. "Huyu alifunzwa kutafuta maiti."