Vitundu vya Genzaburo

Naapa kwa majivu ya babu yangu, hapa sijaongeza chumvi hata punje.

Genzaburo alikuwa amembana daktari ukutani, amemkaba ukosi wa koti, na pua ya daktari tayari ilikuwa inachuruzika damu.

"Vitundu tu," alisema. "Ukinipasua kama samaki, nikizinduka nakuua."

Saratani ya tumbo ilikuwa imemrudia. Mara ya kwanza walimkata nusu ya tumbo, wakamwachia kovu refu kama zipu. Dakta Iwase alimweleza kwa upole kwamba ndani utumbo umegandana na makovu, kwamba safari hii kupitisha kamera na vyombo kwenye vitundu vidogo kuna hatari zake, na damu ikikataa kusimama atamfungua. Genza akaona hiyo ni hila. Iwase ni mtoto wa Mtaa wa Pwani. Genza ni nahodha wetu sisi wa Mtaa wa Juu. Kila vuli mitaa hii miwili hubeba mabegani vibanda vya miungu, mbao nzito tupu, na kuvigonganisha mpaka kimoja kianguke. Watu huvunjika. Mwenye mshono mrefu mbichi habebi.

Tangu Genza awe nahodha hatukuwahi kushinda. Yeye alisema ni bahati mbaya.

Siku ya upasuaji mshipa ulipasuka, damu ikaruka, kamera ikawa haioni kitu. Msaidizi akachukua kisu ili afungue. Iwase akamwambia asubiri kidogo, akapapasa, akaubana mshipa. Damu ikasimama. Mzee akatoka na vitundu tu.

Vuli ilipofika, Genza alikuwa mbele kabisa, akifoka tusukume kushoto. Pwani wakatujia kulia. Kibanda kikatupindukia, mbavu zikalia kama kuni kavu, mtu mmoja mfupa wa mkono ukatokeza nje. Genza alijikuta matopeni kando yangu, uso kwa uso na Iwase, aliyekuwa akibebea Pwani na sasa amepasuka mdomo.

"We adui," Genza akahema. "Nafasi ulikuwa nayo. Mbona hukunipasua?"

"Damu ilisimama, mzee. Ila kuna watu walinisihi nikupasue mpaka kitovuni, usibebe tena."

Genza akatema damu. "Nyie watu wa Pwani hamna haya."

"Sisi tulikuombea upone upesi urudi kuongoza. Walionisihi ni watu wako."

Hakutaja jina. Alininyooshea kidole tu, na pengo hili la meno ya mbele nililipata hapo hapo.