Kitanda cha Kamba

Muuguzi alitundika mfuko mpya wa dawa kando ya ule wa zamani. Siwema akaukodolea macho.

"Si mlisema dawa imeshindwa, dada?"

"Peke yake imeshindwa. Saratani ya damu yako imeizoea, inajificha ndani ya mifupa. Hii mpya itaitoa huko, ya zamani iimalize. Ikikataa na hii, mwenzangu, hatuna nyingine."

Mama yake, aliyekaa miguuni pake, akaguna. "Kumbe kama kunguni! Nilikuwa namwagia kitanda maji ya moto, wao wananicheka humo kwenye nyufa. Mpaka nilipojua kukigonga kwanza."

"Mama, umenifanya kitanda?"

"Cha kamba, tena kimelegea. Lala."

Matone yakaanza kushuka, moja huku, moja kule. Siwema akafumba macho, akajiona yuko uani kwao, jua jeupe, mchanga umefagiwa. Mama amekiinua kitanda, anakigonga chini taratibu, tena na tena. Siwema akainama kutazama mchangani kama kuna kilichodondoka. Nyuma yake, jikoni, maji yalikuwa yanaanza kuchemka.