Sisimizi Kwenye Godoro

Sisimizi walitangulia kufika. Jua lilikuwa halijapasha ukuta wa uani, nao walishajipanga msafara mrefu kutoka kwenye mfereji hadi kwenye godoro lililoegemezwa pale, wakalizingira doa bichi kana kwamba wamealikwa.

Mshona nguo, ambaye wapangaji wenzake walimwita Fundi, aliwapangusa harakaharaka kwa kitambaa, huku akiomba Mungu jirani wa chumba cha kwanza asitoke. Akatoka. Jirani huyo alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu na mdomo usioweza kulala na neno.

"Shoga, Bwawa limefurika tena?" aliangua kicheko.

Bwawa ndilo jina walilombandika binti wa Fundi, mtoto mpole wa miaka minane, aliyekuwa amesimama mlangoni na begi la shule mgongoni. Mtoto aliinamisha kichwa. Fundi naye akainamisha chake. Angeweza kusema, "Mwache mwanangu." Lakini aibu ilimpanda mpaka masikioni, akajifanya anatafuta vibanio vya nguo.

Ulikuwa mwezi wa pili wa kuanika mashuka kila kukicha. Tangu baba mtu afariki waliishi wawili tu, chumba kimoja, kitanda kimoja. Fundi alitandika nailoni chini ya shuka, akapiga marufuku chai ya jioni. Kazi bure. Habari zikaruka ukuta hadi kwa shangazi wa mtoto, aliyekuwa ameahidi kumchukua likizo akacheze na binamu zake. Juzi shangazi alipiga simu: "Wifi, mwache kwanza apone. Magodoro yangu mapya."

Mtoto alisikia kila neno. Hakulia. Alichukua sindano akamtungia mama yake uzi, kama alivyofanya kila siku tangu taa ya chumbani, kwa maneno ya Fundi, ianze kufifia.

Jioni ile Nesi wa chumba cha mwisho alibisha hodi, mkoba mdogo mkononi.

"Dada Fundi, sikuja kwa umbea," alisema. "Nimewaona wale sisimizi. Wale hawaufuati mkojo hivihivi, wanafuata sukari. Nataka nimpime mtoto."

"Kisukari? Mtoto mdogo hivi? Hata pipi simnunulii!" Fundi alimimina maji kutoka kwenye jagi, akayanywa yote, akamimina tena. "Huo si ugonjwa wa wazee wenye vitambi?"

"Ndivyo watu wanavyodhani." Nesi aliketi ukingoni mwa kitanda. "Ipo aina inayowapata zaidi watoto na vijana. Hiyo huja kwa kishindo. Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kukonda ghafla. Mwili umeacha kutengeneza insulini, na bila sindano mtoto anakufa. Ipo na ya watu wazima, hiyo hunyata. Mtu anachoka, macho yanaingia ukungu, kidonda hakiponi, naye anasema ni kazi nyingi, kumbe miaka inapita. Na wajawazito wana yao. Zote hutulizwa kwa dawa na chakula bora, ila mpaka zijulikane. Mficha maradhi kilio humfichua, dada yangu."

Fundi alilivuta gauni lake begani. Siku hizi lilikuwa likimteleza, naye, fundi wa mtaa mzima, hakuwa amepata nafasi ya kulipunguza. Alitazama kidole cha mwanawe kikipanguswa kwa pamba, akaona haya hata ya kupumua. Sasa, alijiambia, sema sasa. Akamimina maji mengine.

"Itauma?" mtoto aliuliza.

"Kidogo tu, mwanangu," Nesi alisema.

Mtoto alifumba macho, wala hakupiga kelele. Tone la damu lilinyonywa na kikaratasi cha kupimia, kimashine kikahesabu, na uso wa Nesi ukakunjuka.

"Tano nukta mbili. Buheri wa afya! Basi ni usingizi mzito tu wa kitoto. Utakwisha wenyewe."

Fundi alishusha pumzi. "Alhamdulillahi, Mungu mkubwa. Ahsante sana, Nesi, umetutoa wasiwasi." Hata mkoba ulikuwa haujafungwa, naye alishasimama kufungua mlango.

Mtoto alikuwa amebaki pale pale, pamba kidoleni, akimtazama mama yake.

"Nesi," aliita, "ile ya wakubwa, nayo inaua?"

"Ikifichwa, inaua."

Mtoto aliiweka pamba chini. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaushika mkono wa mama yake na kuunyoosha mbele ya Nesi.

"Nisamehe, mama, najua niliahidi," alisema. "Mpime yeye. Mimi huwa naamka mkavu."