Chiriku wa Uani kwa Bata

"Chiriku sitini kwenye ua mmoja, Bi Bata? Labda umehesabu na mbawa."

"Nimehesabu vichwa, Bwana Paka, na kila kichwa kilikuwa na mdomo wake."

Bata hakuwa mbishi, ila siku hiyo hakurudi nyuma. Wanyama wa mtaa walikubaliana kila mmoja ahesabu ndege wa uani kwake, na Paka, kwa ukali wa macho yake, akapewa kazi ya kuhakiki kila hesabu ya ajabu. Mbuzi alikwisha kuitwa mwongo na kuvuliwa kazi, na Sungura vivyo hivyo, maana kila Paka alipofika, ua ulikuwa mtupu.

"Nimetazama kote," Paka akasema, "hata unyoya sioni. Kesho nawe utavuliwa."

Bata akayatazama makucha ya Paka, kisha uwele ulioanikwa jamvini, akaelewa.

"Basi ingia bandani upumzike kidogo," akasema.

Paka akaingia. Bata akausukuma mlango wa fito na kuuegemea kwa mgongo wake mpana.

Punde chiriku wakarudi, mmoja, wawili, kisha kundi zima, wakaushukia uwele. Paka akachungulia katikati ya fito, mate yakamjaa.

"Ni sitini kweli," akanong'ona. "Kumbe hata Mbuzi hakusema uongo. Sasa nifungulie, niwahesabu vizuri kwa karibu."

Bata akamjibu pale mlangoni, bila kusogea: "Ukiwa karibu, Bwana Paka, hawahesabiki."