Msiba wa Ghorofa ya Tano

Umeme ulikuwa umekatika, lifti haifanyi kazi. Valentino alifika ghorofa ya tano akihema, tepu ya kupimia mkononi, akakuta ngazi zimejaa viatu vya watu.

Baraza alilokuja kulipima ili alizibe kwa matofali lilikuwa limetandikwa mikeka ukuta hadi ukuta. Wanawake walichambua mchele. Wanaume waliongea kwa sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee," alisema Husna, akimwahi pale pale ngazini. Yeye ndiye aliyelichora jengo hilo. "Tuna msiba."

"Marahaba," alijibu Valentino, na haraka akaificha tepu mfukoni.

Jengo lilikuwa lake, ghorofa tisa pale Korogwe, lakini yeye aliishi Mkata kwenye biashara yake ya mahindi, na kodi alikusanyiwa na wakala. Hakumjua mpangaji hata mmoja, wala wao hawakumjua. Alichojua ni kwamba Husna aliacha kila ghorofa nafasi kubwa wazi, yenye mabenchi, eti majirani wakae pamoja kama mtaani. Hakuna aliyekaa. Kila mtu alijifungia ndani kwake. Jana Valentino alikuwa amempigia simu Husna: nakuja kupima, fundi anaanza kujenga vyumba humo.

Leo hapakuwa na pa kukanyaga.

"Nani kawakusanya?" alinong'ona.

"Mimi. Niligonga mlango mmoja mmoja."

Aliona haya kuuliza nani kafa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akavua viatu, akakaa karibu na bibi mmoja aliyeitwa Amne, akampa pole.

"Tumeshapoa, baba," alisema Bibi Amne. "Wamemzika huko kwao. Sisi tukaona haipendezi kila mtu kukaa chumbani kwake kama hakuna kilichotokea."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Nani ajuaye? Wanasema alikuwa mgumu kidogo. Lakini humu ndani hata sura yake hakuna aliyeijua."

Maneno hayo yalimchoma Valentino. Mtu anakufa, na watu wa nyumba moja hawaijui hata sura yake! Akatazama pembeni. Rosina na Adamu, waliopanga ukuta kwa ukuta tangu jengo lifunguliwe, walikuwa ndiyo kwanza wanagundua kuwa wote wawili ni wa Misima, na sasa wanaulizana habari za shangazi zao, wanasahau kushusha sauti.

"Mungu amlaze mahali pema," alisema Valentino.

"Amina," wakaitikia wote.

Alipomaliza pilau alimpigia fundi simu, akamwambia asije. Kisha akamgeukia Husna.

"Binti, umenishinda. Hapa haliingii tofali. Wala ghorofa nyingine yoyote."

"Ahsante sana, mzee." Uso wa Husna ulinawiri. "Basi nikusindikize, usije ukakosa basi la Mkata."

"Basi gani? Nataka watu hawa wasikie kwa kinywa changu."

"Mzee, hakuna haja. Nitawaambia mimi."

Husna alimvuta shati. Valentino akajitoa, akasimama katikati ya mikeka, akakohoa.

"Jamani, poleni sana. Mimi ndiye Valentino, mwenye jengo hili."

Sahani ilianguka. Kisha watu wakarukiana, wengine pekupeku, na mayowe yakashuka ngazi zote hadi barabarani. Husna alikuwa mbele yao.

Alibaki Bibi Amne peke yake, ambaye magoti hayakumruhusu kukimbia. Alijifunika kanga usoni.

"Baba," alisema kutoka ndani ya kanga, "tangu asubuhi tunakuombea upumzike. Umerudi kufanya nini?"