Wigi la Wakala

Siku mama yake alipozikwa, Nyamizi alinyolewa kipara, kama ilivyo desturi ya kwao. Kesho yake alikwenda kwa wakala kupiga picha ya viza ya masomo.

"Na kipara hicho?" wakala alifoka. "Ubalozini watajua umefiwa. Tumewaambia una mama wa kumrudia. Usimzike mapema, binti."

Alitoa wigi kwenye droo. Lilikuwa bado na unyevu wa jasho la mwombaji aliyetangulia, likinuka mafuta yaliyochacha.

"Vaa. Wenzako wote wamelivaa."

Nyamizi akalivaa.

Sasa yuko ng'ambo. Mchana anasoma, jioni anaosha vyombo hotelini, na kila anapoulizwa kibali huonyesha picha yenye nywele zile.